Nilipata A, Nikaambiwa Nimefeli

Kuna watu wa kukukataza pombe, kuna watu wa kukukataza chumvi, nao nawaelewa. Ila mtu anayekukataza chai ya rangi, amekaa zake Dar es Salaam ndani ya kiyoyozi na wewe unaishi Chanika, huyo hajui anachokisema. Hapa kwetu Handeni mjini siku haianzi bila chai. Mgeni akifika, chai. Mgeni akiaga, chai ya kumsindikiza. Msiba, chai. Kikao cha harusi, chai. Mbuzi wa jirani akila mahindi yako, mjumbe anawaita wote wawili na mnapatanishwa juu ya birika. Na majani yenyewe hayatoki mbali: simama Korogwe, inua macho uitazame milima ya Usambara, huko juu Ambangulu ndiko yanakochumwa. Halafu binti mwenye koti jeupe, rika la mwanangu wa tatu, ananiambia, "Baba, saa arobaini na nane usiguse kitu chochote chenye rangi."

Chanzo cha yote ni send-off. Binti yangu, kifungua mimba, anafanya kazi Dar na alikuwa anaolewa. Jioni moja yeye na wadogo zake walikuwa wanapekua kwenye simu picha za harusi ya binamu yao, mara nikasikia kimya. Vijana wakinyamaza ghafla mbele ya simu, ama kuna mtu amefariki, ama kuna mtu ametokea vibaya. Aliyetokea vibaya ni mimi. Nimecheka mdomo wazi, na nyuma yangu limetandazwa pazia jeupe la ukumbi ambalo halikunisaidia hata kidogo.

"Baba," akaanza, kwa ile adabu ambayo ukiisikia kwa mtoto wa siku hizi unashika mfuko kwanza. "Kuna huduma ya kung'arisha meno. Unakaa kwenye kiti saa moja tu, unatoka nayo meupe. Nakulipia mimi."

Nikauliza bei. Akaitaja. Nikaibadilisha haraka haraka kwa fedha ya Handeni, ikatoka mbuzi watatu, beberu mmoja akiwemo. Nikamwambia anipe hao mbuzi, nami nitafunga mdomo kwenye kila picha hadi siku ya kunizika. Hakucheka. Wadogo zake hawakucheka. Mama yao, ambaye huwa ananionea huruma, naye hakucheka. Nyumba ikifika hapo mwanaume hana la kufanya isipokuwa kukata tiketi.

Safari ya Dar siku hizi ni raha. Kabla ya lami ya Korogwe, Handeni hadi Mkata, mtu wa Chanika alikuwa anashuka stendi na vumbi jekundu hadi kwenye kope, na meno yakiwa na rangi yoyote ile alikuwa na la kujitetea. Lami imetuondolea kisingizio.

Tulipopita Mkata alipanda yule bwana ambaye kila aliyesafiri kwa basi nchi hii anamjua: mkoba begani, sauti ya mhubiri. Akaanza na minyoo, akapita kwenye kiuno, akaishia kwenye meno. Alikuwa na unga wa kijivu kwenye vikopo na kichupa cha maji yasiyo na rangi. Akatoa sarafu iliyochakaa, akaidondoshea matone mawili, akaifuta kwa pamba, ikang'aa abiria wote tukaona. "Kama sarafu inatii," akasema, "jino ni nani?" Elfu mbili tu. Nikapiga hesabu: elfu mbili upande huu, mbuzi watatu upande ule, na sarafu imeng'aa mbele ya macho yangu. Kilichoniokoa ni kwamba jirani yangu wa kiti alikuwa mwalimu wa kemia. Alinong'ona neno moja, "Asidi," akarudi kulala. Gamba la jino, tofauti na ngozi na kucha, likishaliwa halioti tena. Sarafu yenyewe ukiiosha hivyo kila siku itakwisha, ila ya sarafu Benki Kuu itatoa nyingine.

Mapokezi ya kliniki waliniuliza nimetoka wapi. Chanika, nikasema.

"Aah, hapo tu! Foleni ya Gongo la Mboto ilikuwaje?"

Nikamweleza yule dada kwamba hiyo ni Chanika yao ya Ilala, ambayo mtu anaenda na kurudi kwa daladala. Mimi nimetoka Chanika ya Handeni, mkoa wa Tanga, nimeamka kabla ya adhana. "Kwani ziko mbili?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona tumeiba. Kwenye fomu akaandika Ilala. Hadi leo, kwa kumbukumbu za kitabibu, meno yangu ni ya Dar es Salaam.

Daktari akaja na kibao chenye vijino kumi na sita vya mfano, vimepangwa mstari, kila kimoja na herufi yake na namba yake. Akawa anaviweka kimoja kimoja kando ya jino langu la mbele, anarudi nyuma, anakodoa, anabadilisha. Mwishowe akamwambia msaidizi wake aandike, "A nne."

Sasa mimi nimesoma shule za nchi hii. Nimesomesha watoto katika shule za nchi hii. A ni A. Nilijivuta kwenye kile kiti nikakaa vizuri, nikaanza kupanga jinsi nitakavyompigia simu mwanangu kumwambia ametupa fedha zake, baba yake ana A.

"A nne ni ya kumi na tano," daktari akasema.

Kati ya ngapi?

"Kumi na sita."

Kumbe zile herufi ni koo za rangi tu. A ni wekundu unaoelekea kahawia, B wekundu wenye unjano, C kijivu, D kijivu chenye wekundu kidogo. Ukizipanga kwa mng'ao, anayeongoza darasa ni B moja, anayeburura mkia ni C nne, na mwenye A nne amemzidi huyo mmoja peke yake. Kipimo kimetengenezwa na Wajerumani. Baraza letu la Mitihani limefundisha taifa zima kwamba A iko juu ya B, tumewatandika watoto kwa ajili hiyo, halafu Mjerumani anakuja na vijino vyake anapangua kila kitu na hakuna aliyemwita kumhoji.

Nikauliza kwa nini nimefikia hapo wakati sigara niliacha zamani na mswaki napiga. Jibu lake lilikuwa refu, na nililisikiliza nikiwa nimetiwa mdomoni dude la plastiki linalovuta midomo pande zote, kwa hiyo yeye alikuwa na mdomo wake na mimi wangu umekamatwa. Jino, alisema, nje lina gamba gumu linalopenyesha mwanga, na ndani yake kuna tabaka lenye unjano linaloitwa dentini. Miaka inavyokwenda gamba linalika, dentini inanenepa, na ule unjano wa ndani unachungulia nje. Juu ya hapo ongeza chai, kahawa, tumbaku, ambavyo rangi zake huzama kwenye gamba. Kwa hiyo nusu ya kosa ni chai na nusu ni umri, na yote mawili mtu anayapata bila kujituma.

Dawa yenyewe si uganga. Ni haidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa duka la dawa ya kuoshea vidonda ikiwa asilimia 3, na ile ile inayogeuza nywele nyeusi za vijana wetu kuwa za dhahabu saluni. Ya kwenye kiti ina nguvu, asilimia 25 hadi 40. Inapenya gamba kwa dakika chache tu, inaingia kwenye dentini, inavunja vunja zile chembe zenye rangi hadi zinashindwa kuonekana. Kwa sababu ya nguvu hiyo fizi zinazibwa kwanza kwa utomvu unaogandishwa kwa taa, maana peroksaidi ikigusa nyama, nyama inababuka na kuwa nyeupe kuliko hata meno. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, ulifunga kwenye asilimia 6, na hata hiyo sharti ianzie mkononi mwa daktari wa meno. Hayo niliambiwa na mwanangu baadaye, baada ya mimi kutoka kwenye asilimia zangu nikiwa hai.

Nikavishwa miwani ya rangi ya chungwa. Ikawashwa taa ya buluu, ikaelekezwa mdomoni. Robo saa, wanafuta, wanapaka upya. Robo saa nyingine. Raundi ya tatu ndipo nilipokutana na kitu ambacho tangazo halikukitaja: mshtuko unaoanzia kwenye ncha ya jino, unapanda hadi chini ya jicho, unakata, halafu unachagua jino jingine. Huwezi kupiga kelele kwa sababu midomo imezuiwa. Unabaki kupiga teke hewani kwa staha. "Kawaida, baba," daktari akasema. Dawa ikifika kwenye kiini cha jino, mshipa lazima uulize nani kaingia. Kwa wengi huisha ndani ya siku moja au mbili.

Na ile taa! Nimekuja kujua kwamba watafiti wameilinganisha miaka na miaka, watu wa taa na watu wasio na taa, na wengi wakakuta kwamba kazi inafanywa na peroksaidi. Taa haiongezi cha maana, ila inaongeza ganzi. Lakini mtu akikulipisha mbuzi watatu bila kuwasha kitu, utaona umeibiwa. Naamini taa ile ni ya mteja, si ya meno.

Nikapewa kioo. Hapa sitawadanganya kwa kutaka kulalamika: yalikuwa meupe. A mbili, daktari alisema, ya tano darasani. Msaidizi akanipiga picha pale pale kwenye kiti, ikarushwa kwa mwanangu, na kabla sijafika mlangoni ilikuwa kwenye status za nusu ya ukoo. Mtu anayesema huduma ile haifanyi kazi ni mwongo. Shida yangu ilikuwa jino moja la juu, kulia, la pili kutoka katikati.

Jino hilo si langu. Niliwekewa zamani baada ya baiskeli na mimi kukubaliana kuachana kwenye mteremko, na fundi alinichagulia rangi ya kufanana na wenzake wa wakati ule. Peroksaidi haibadilishi jino la bandia, wala jino lililozibwa kwa dawa nyeupe. Inabadilisha lililozaliwa nawe tu. Daktari alinieleza hilo, sikatai, ila alinieleza wakati lile dude la plastiki limeshaingia mdomoni na jibu langu likatoka kama mbuzi anayeota. Sasa meno yote yameng'aa, limebaki moja katikati yao, la kahawia, limetulia. Miaka yote ile hakuna mtu Chanika aliyejua nina jino la bandia. Baada ya kung'arishwa, la bandia ndilo pekee lililoonekana la kweli.

Basi ndiyo nikarudi nyumbani na masharti. Kwa saa arobaini na nane kula vyeupe: ugali wa sembe, wali, viazi, maziwa, samaki asiye na mchuzi, ute wa yai. Marufuku chai, kahawa, bizari, nyanya, mchicha, maharage mekundu, soda za rangi. Mama watoto alikisoma kile kikaratasi mara mbili. Sisi hapa tunakula dona. Mboga yetu ni kisamvu na maharage. Akanipakulia sembe, juu yake kipande cha samaki aliyechemshwa na chumvi, pembeni maziwa, akasimama akaitazama ile sahani. "Hii imevaa sanda," akasema.

Nikala sanda siku mbili. Na kikombe cha kwanza cha chai nilichokunywa baada ya hapo ilibidi nisukutue mdomo kwa maji safi mara moja, na vivyo hivyo kila kikombe kinachofuata. Nisukutue! Mtu wa Handeni! Mji huu umekaa miaka na miaka ukisubiri maji ya mradi wa HTM yapande kutoka Mto Pangani kule Tabora, Korogwe; tumepiga kura kwa ajili ya maji, tumegombana kwa ajili ya maji, tumenunua dumu kwa bei ya kuona haya kuitaja. Nikisukutua na kutema nje mbele ya bibi anayepita na ndoo kichwani, ananitazama kwa jicho ambalo halipo kwenye kikaratasi cha kliniki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuna watafiti waliofuatilia watu waliokuwa wanang'arisha meno kwa dawa ya nyumbani, wengine wakinywa chai na kahawa na wengine hawanywi, wakaona tofauti si kubwa ya kumnyima mtu usingizi. Wangewahi kidogo kunipigia simu.

Mjini nako hakukukalika. Mwenye genge alinipandishia nyanya. Ninamjua, ananijua, fungu ni lile lile, ila nilipomchekea akaongeza bei. Kijana wa bodaboda ananiuliza kama kiinua mgongo kimetoka. Msibani nililazimika kusalimia nimeziba mdomo kwa kiganja, maana weupe ule haukuwa na huzuni. Kisha wakaja wakwe na mshenga wao kumalizia mahari iliyobaki. Ng'ombe wawili tulikubaliana, mbele ya mashahidi. Mshenga akanitazama mdomoni kwa muda, akageuka kwa wenzake akasema mzee mwenyewe anavyoonekana hana shida, hao ng'ombe si tungewaacha wakaja polepole? Nikafunga mdomo nikaongea puani hadi ng'ombe wakafika.

Waliotaka kunifuata nao ni mtihani. Vijana wa mtaani wakaona mbuzi watatu ni wengi, mkaa upo. Handeni ni nchi ya mkaa. Magunia yetu yamepika ubwabwa wa Dar tangu sijaota hata hilo jino la bandia. Wanausaga, wanauchanganya na limau na chumvi, wanasugua. Kwa juma moja wanang'aa kweli, kwa sababu wanakwangua uchafu wa juu na gamba kidogo kwa pamoja. Limau linalainisha, mkaa unaparua. Na gamba likishapungua, dentini ya njano inazidi kuchungulia, kwa hiyo anayesugua kwa bidii ndiye atakayemaliza akiwa wa njano kuliko wote. Niliwaeleza. Wakaniuliza kama nimesomea.

Anayenishangaza ni mama watoto. Yeye ni Mmeru, amezaliwa Arumeru chini ya mlima, na meno yake yana mistari ya kahawia tangu yalipoota. Mwanangu alimpa na yeye ofa, akakataa kabla sentensi haijaisha. Nilidhani ni ugumu tu wa kichwa, ambao anao wa kutosha. Kumbe alikuwa na ushahidi. Maji ya kwao, na ya sehemu nyingi za ukanda ule wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara hadi Singida, yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Kidogo huimarisha jino. Ikizidi wakati jino la mtoto bado linajengwa ndani ya ufizi, hadi umri wa miaka minane hivi, gamba linatoka na mawaa ya ndani kwa ndani. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, kwa sababu ukishika ile ya dunia, vijiji vingine havina maji halali ya kunywa. Juu ya hapo weka magadi yanayotiwa kwenye maharage yaive haraka, nayo yana floraidi yake. Pale Ngurdoto serikali ina kituo kinachotafiti namna ya kuiondoa, na njia yao moja ni kuchoma mifupa ya ng'ombe hadi iwe mkaa, kisha kupitisha maji humo, mfupa uinase floraidi. Meru wanachoma mkaa kuokoa meno, Handeni tunachukua mkaa kuyaparua.

Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, alikwenda kung'arishwa huko huko kwao. Peroksaidi haikujua ianze na lipi. Mabaka meupe yakazidi kuwa meupe, mistari ya kahawia ikapungua ukali lakini ikabaki, na shemeji akatoka na ramani iliyo wazi kuliko aliyoingia nayo. Kwa meno ya namna hiyo, mawaa yakiwa mepesi daktari hukwangua kidogo sana kwa asidi na unga wa jiwe, kwa uangalizi, ndipo apake peroksaidi; yakiwa mazito huyavika magamba ya kaure, na bei hapo inaacha mbuzi inaingia ng'ombe.

"Mimi meno yangu yana cheti cha kuzaliwa," mama watoto anasema. "Mtu akiniona nikicheka anajua kwetu ni wapi." Na kweli, tangu mwaka 2022 watu wa Ngorongoro walipoanza kuhamia Msomera, humu humu Handeni, amepata wenzake. Nimemwona gulioni akipunguziwa bei ya maziwa na mama wa Kimaasai ambaye hawajawahi kuonana. Walichekeana tu, kahawia kwa kahawia, biashara ikaisha. Mimi na A mbili yangu nikalipa bei kamili.

A mbili yenyewe ilikuwa ya mkopo. Juma la pili niliporudi kliniki kuangaliwa, kibao kilisema A tatu. Kutoka ya tano hadi ya tisa, na sijafanya kosa lolote. Nikadai maelezo. Daktari akanieleza kwa utulivu kwamba meno yakikaa saa nzima mdomo wazi, chini ya dawa na taa, yanakauka, na jino kavu linaonekana jeupe kuliko lilivyo. Mate yakirudi, maji yakarudi kwenye gamba, ngazi kadhaa zinashuka zenyewe ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Inayobaki hapo ndiyo rangi yako.

Yaani picha iliyopigwa kwenye kiti, ile iliyozunguka ukoo mzima, ilikuwa picha ya meno yenye kiu. Na ndiyo hiyo hiyo inayobandikwa kwenye matangazo. Hakuna anayebandika ya juma la pili.

Nikauliza hiyo A tatu itakaa muda gani. "Inategemea," akasema, na mimi nikijua neno hilo linagharimu kiasi gani. Kwa wengine miezi sita unaanza kuona inafifia, kwa wengine mwaka, kwa wenye bahati miaka miwili au zaidi, na wengi hubaki weupe kidogo kuliko walivyoanza. Wavuta sigara na wanywa chai wanatangulia kurudi. Alipofika kwenye chai alinitazama, nikatazama dirishani. Unaweza kurudia, alisema, au ukatengenezewa vikombe vya plastiki laini vya kuvaa kwenye meno usiku, na dawa nyepesi, kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo ukiipiga hesabu ni kama asilimia 3 na nusu ya ile kali. Njia hiyo madaktari wawili wa Marekani, Haywood na Heymann, waliiandika tangu mwaka 1989. Wiki mbili tatu za kuvaa usiku zinakufikisha pale pale kiti kinapokufikisha, na ganzi yake kwa kawaida ni ndogo. Na bei? Pungufu. Mbuzi mmoja angebaki zizini, labda wawili. Bima haijui habari ya weupe, ya kiti wala ya vikombe, kwa hiyo hao mbuzi ni wako mwenyewe. Nikauliza kwa nini hilo halikutangulia. Akasema wateja wengi wanataka kutoka leo.

Send-off ilifana, mnisamehe sitaisimulia. Nilicheka nilipoambiwa nicheke. Lile la bandia na wenzake walikuwa wameanza kukaribiana, wao ndio waliokuwa wanarudi kwake.

Halafu ikaja albamu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona mdomo wangu umejaa meno meupe pe, B moja, anayeongoza darasa, na lile la bandia likiwemo. Nikafungua wa pili: mjumbe wetu, ambaye anabugia ugoro tangu ujana, B moja. Mshenga, B moja. Bibi yake bwana harusi aliyebakiwa na mawili, yote B moja. Shemeji hana ramani. Nikampigia simu mpiga picha. Kijana akacheka, akasema siku hizi ni programu ya kompyuta, unagusa mara moja watu wote wanang'aa, imo ndani ya bei ya albamu, mzee usijali.

Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaichukua albamu, akajitazama kwa muda, akaichukua na simu.

"Mwanangu, huyu mwanamke uliyemweka hapa simjui. Nirudishie meno yangu."

Kijana akaeleza kwamba kung'arisha ni bure, ila kurudisha kahawia ni kazi ya mkono, jino kwa jino, elfu tano kila picha. Na mama wa bibi harusi yumo karibu katika zote.

Mama watoto akanigeukia. "Wale ng'ombe wa mahari," akasema, "umeshawauza?"